Nyumba Tupu ya Mocímboa na Deni la Kodi

Nyumba ya matofali ambayo mwenyewe aliifunga mwaka 2020, akaondoka Mocímboa da Praia na watoto wake kwenda Pemba, ni nyumba tupu machoni pa mpita njia. Lakini katika daftari la manispaa nyumba hiyo si tupu hata kidogo. Humo ina jina, ina thamani, na kila mwaka unapogeuka inaandikiwa kodi. Siku mwenyewe atakapochoka kukaa ugenini akaiuza kwa bei ya kutupa, mnunuzi atakabidhiwa ufunguo, na pengine kabla hajabadilisha bati lililotobolewa kwa risasi atakabidhiwa na hati ya madai. Hapo ndipo swali linapozuka: kodi ya miaka ile ambayo nyumba ilikaa bila mtu, na kwa mwaka mzima mji wenyewe ukawa mikononi mwa adui, ni ya nani kulipa?

Wako watakaosema kwamba swali hili ni la makarani wa manispaa, si la watu wa bunduki. Wamekosea. Vikosi vinapoingia katika mji uliohamwa, askari hulala katika nyumba za watu. Ndivyo vita vilivyo. Baadaye hali ikitulia, askari yule yule ana mshahara wa kila mwezi, hali mkimbizi wa ndani hana hata nauli ya kumrudisha kwao. Mmoja ana fedha na yuko mahali penye nyumba. Mwingine ana nyumba na yuko mbali nayo. Biashara kati ya wawili hawa si haramu, lakini hawasimami sawa katika mizani. Tena ugomvi ukitokea, anayeitwa kwanza ni polisi.

Yafaa tukumbushane mambo yalivyokwenda. Tarehe 5 Oktoba 1917 haikuwa na lolote la kutuhusu hapa. Tarehe 5 Oktoba 2017 ndiyo iliyobadili maisha ya pwani hii, pale magaidi walipovishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Machi 2020 waliuingia mji wakatoka. Agosti 2020 waliuteka pamoja na bandari yake, wakakaa humo mpaka tarehe 8 Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa. Katikati ya muda huo, tarehe 24 Machi 2021, Palma nayo ilishambuliwa, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kusimamisha mradi wa gesi wa Afungi. Wakati msiba ulipofikia kilele chake, watu waliohama makwao katika jimbo la Cabo Delgado walikaribia milioni moja. Wenyeji wa Mocímboa walianza kurejea kwa wingi mwaka 2022. Wengine hawakurejea, na nyumba zao ndizo tunazozizungumzia.

Kwanza tutenganishe nyumba na ardhi, maana wengi huzichanganya. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004, katika kifungu cha 109, inatamka kwamba ardhi ni mali ya dola, haiuzwi wala haiwekwi rehani. Mwananchi anachokuwa nacho ni haki ya kuitumia, ambayo sisi sote tunaijua kwa jina la DUAT, nayo imetungiwa Sheria ya Ardhi namba 19 ya mwaka 1997. Kinachouzwa ni jengo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inasema kwamba mjini, jengo linapohamishwa kwa halali, haki ya kutumia kiwanja chake huhama pamoja nalo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba anakuuzia kiwanja kitupu anakuuzia kitu asichokuwa nacho, lakini anayekuuzia nyumba iliyosimama anaweza kuwa mkweli.

Sasa kodi yenyewe. Mocímboa da Praia ni miongoni mwa miji 33 ya mwanzo iliyofanywa manispaa na kupiga kura mwaka 1998, na kwa hiyo ina mamlaka ya kutoza kodi zake. Sheria ya fedha za manispaa namba 1 ya mwaka 2008, pamoja na kanuni zake zilizotolewa Desemba mwaka huo huo, zinaweka kodi mbili zinazomgusa mwenye nyumba. Moja ni kodi ya majengo ya kila mwaka, inayojulikana kwa kifupi cha IPRA. Kiwango chake ni asilimia 0.4 ya thamani ya jengo la kuishi, na asilimia 0.7 kwa jengo la biashara au kiwanda. Nyingine ni sisa, inayotozwa mara moja jengo linapobadili mikono; kiwango chake ni asilimia 2, na mlipaji ni mnunuzi. Tuchukue mfano wa nyumba iliyoandikwa thamani ya metikali 500,000. IPRA yake kwa mwaka ni metikali 2,000, hulipwa kwa mafungu mawili, Januari na Juni. Sisa yake siku ya kununuliwa ni metikali 10,000. Jengo jipya la kuishi husamehewa IPRA kwa miaka mitano tangu lipate kibali cha kukaliwa na watu. Nyumba ya zamani haipati msamaha huo kwa sababu tu mnunuzi wake ni mpya, jambo ambalo baadhi ya wanunuzi hulifahamu wakiwa wamekwisha kutia saini.

Mtu akiitazama hesabu hiyo ataona kwamba kodi ya mwaka mmoja si mzigo wa kumwangusha mtu mwenye ajira. Lakini miaka minne au mitano ikilimbikizana, na faini juu yake, hapo huwa ni fedha ya kuezekea nyumba. Kwa familia inayolala chini ya turubai huko Metuge ni fedha isiyopatikana kabisa.

Deni hilo linamfuata nani? Katika Kanuni ya Sheria za Madai ya mwaka 1966, ambayo Msumbiji huru iliendelea kuitumia, kodi ya majengo inayodaiwa na dola au serikali ya mtaa huwa na haki juu ya jengo lenyewe, kwa mwaka ambao jengo linakamatwa na kwa miaka miwili iliyotangulia, na haki hiyo haifi kwa sababu jengo limeuzwa. Kwa lugha nyepesi, nyumba hutembea na deni lake. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba hadaiwi chochote, na akawa mkweli kwa kadiri ajuavyo, maana hati za madai hazikumfikia alikokimbilia. Lakini kiapo chake hakiwezi kulifuta jina la nyumba katika vitabu vya manispaa.

Jambo hili majirani wamelipatia dawa mbalimbali. Nchini Kenya, uhamisho wa nyumba au kiwanja cha mjini hauandikishwi mpaka muuzaji alete cheti cha serikali ya kaunti kuthibitisha kwamba kodi ya ardhi imelipwa yote, basi mnunuzi hulijua deni mapema. Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Tanzania, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwa njia ya LUKU mwananchi anaponunua umeme: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini, na mwaka 2023 ikapandishwa kufikia 1,500 na 7,500. Njia hiyo ni rahisi kwa mkusanyaji, lakini tazama inavyoifanyia nyumba tupu. Miezi ambayo hakuna anayenunua umeme, kodi hujikusanya ndani ya mita kimya kimya. Anayehamia, awe mnunuzi au mpangaji, siku ya kwanza akinunua umeme anakatwa malimbikizo ya watu asiowajua. Mita haiulizi wewe ni nani.

Huko Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 2024 halmashauri za Uingereza zimeruhusiwa kumtoza mara mbili mwenye nyumba iliyokaa tupu bila samani kwa mwaka mmoja. Nia ni kumsukuma tajiri anayefungia nyumba aipangishe au aiuze, kwa kuwa watu wengi hawana mahali pa kukaa. Nia hiyo ina maana yake kwao. Kwetu kaskazini mwa Cabo Delgado utupu wa nyumba haukutokana na tamaa ya mwenyewe. Ulitokana na panga na moto. Adhabu ya kodi juu ya utupu huo ingekuwa ni kumpiga faini mtu kwa kosa la kuokoa roho yake.

Turudi Mocímboa, maana huko kuna hatari kubwa kuliko deni lenyewe. Kanuni za IPRA zinasema kwamba mdaiwa ni yule mwenye jengo tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia, na kwamba mtu ambaye jina lake limo daftarini, au ambaye anaishika nyumba kwa namna yoyote ile siku hiyo, huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe. Sharti hilo lilitungwa kwa ajili ya wepesi wa ukusanyaji. Manispaa haiwezi kusubiri kesi za urithi ziishe ndipo idai kodi. Inamdai aliyemo ndani. Katika nyakati za amani halina ubaya wowote.

Lakini lifikirie sharti hilo katika mji uliohamwa. Mtu anaingia katika nyumba ya jirani aliyekimbia. Labda amewekwa kuilinda. Labda yake mwenyewe imechomwa. Labda ni mlanguzi tu. Januari anakwenda manispaa, analipa IPRA, anapewa risiti yenye jina lake. Mwaka wa pili anafanya hivyo tena. Mwaka wa tatu mwenye nyumba anarudi kutoka Nampula na mizigo kichwani, na anakuta mlangoni mtu mwenye risiti tatu, zimepigwa mihuri ya serikali. Polisi anaitwa. Mmoja ana karatasi. Mwingine karatasi zake ziliungua pamoja na kabati. Polisi kijana, asiyefundishwa tofauti ya risiti na hati ya umiliki, atamwamini nani?

Hapa lazima tuseme wazi. Risiti ya kodi inathibitisha kwamba fedha imelipwa. Haithibitishi kwamba aliyelipa ndiye mwenye nyumba. Kanuni ya Madai inakubali kwamba mtu aliyeishika nyumba kwa muda mrefu anaweza hatimaye kuipata kuwa yake, lakini kwa asiye na hati iliyoandikishwa muda huo ni miaka 15 akiwa aliingia kwa nia njema, na miaka 20 akiwa aliingia kwa nia mbaya. Tena, ikiwa aliingia kwa nguvu au kwa siri, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka nguvu hiyo ikome au siri ifichuke. Risiti tatu, nne, au sita hazifiki hata nusu ya njia hiyo.

Na aliyepoteza karatasi hakupoteza haki. Sheria ya Ardhi ya 1997 inasema kwamba kukosa maandishi hakuiondoi haki ya matumizi ya ardhi iliyopatikana kwa kukaa, na inakubali ushahidi wa mdomo wa wanajumuiya wa mahali hapo, wanaume kwa wanawake. Neno hilo la mwisho halikuwekwa bure. Katika mitaa ya pwani, mara nyingi mwanamke ndiye anayekumbuka ni nani aliyejenga ukuta upi, mwaka gani, na chumba cha uani kiliongezwa kwa ajili ya harusi ya nani. Polisi anayeandika maelezo ya ugomvi wa nyumba bila kumwuliza bibi wa nyumba ya pili ameandika nusu ya maelezo. Kumtangaza mshindi si kazi yake, hiyo ni kazi ya mahakama; kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna anayetolewa wala kuingizwa kwa nguvu kabla ya hapo, na kwamba maneno ya pande zote yameandikwa yakiwa mabichi.

Nimewahi kusikia hoja kwamba nchi hii ina desturi yake: aliyeiacha nyumba ameipoteza. Wenye hoja hiyo hukumbuka tarehe 3 Februari 1976, Rais Samora Machel alipotangaza kutaifishwa kwa majumba ya kupangisha, na jinsi majumba yaliyoachwa na walowezi yalivyoingia katika shirika la dola la APIE, na baadaye, kwa sheria namba 5 ya mwaka 1991, wapangaji wakauziwa. Hoja hii haina miguu. Walowezi walikuwa wakiondoka katika nchi waliyoikalia kwa nguvu ya ukoloni, na majumba yalichukuliwa na dola kwa niaba ya wananchi wote, si na mtu binafsi kwa niaba ya tumbo lake. Mvuvi wa Mocímboa aliyekimbilia kisiwani kwa mashua usiku hakuiacha nchi. Kumfananisha na mlowezi ni kumtukana.

Afadhali wenye kupenda historia wakumbuke nyingine, ya zamani zaidi. Kampuni ya Niassa, iliyotawala eneo hili kwa niaba ya Wareno hadi mwaka 1929, ilitoza kodi kwa kila kibanda. Watu wengi waliona ni heri kuvuka Ruvuma na kuviacha vibanda vitupu kuliko kukamatwa na kufanyishwa kazi kwa sababu ya kodi hiyo. Wakati ule kodi ndiyo iliyozifanya nyumba kuwa tupu. Serikali iliyozaliwa na ukombozi haifai kuwa na kodi inayomzuia mtu kurudi katika nyumba aliyofukuzwa na adui.

Je, basi manispaa isamehe kila kitu? Sivyo. Mji uliobomolewa unahitaji fedha kuliko mji mzima. Maji, soko, taka, taa za barabarani, vyote hivyo havijengwi kwa hotuba, na misaada ya wafadhili haikai milele. Maoni ya mwandishi ni kwamba kipindi ambacho mji ulikuwa mikononi mwa magaidi kisidaiwe kodi hata senti, kwa kuwa kodi ni malipo ya mwananchi kwa mamlaka inayomhudumia, na katika miezi hiyo mamlaka yetu haikuwamo mjini. Miaka iliyofuata idaiwe bila faini kwa yule aliyethibitika kuwa alihama kwa sababu ya vita, na apewe nafasi ya kulipa kidogo kidogo.

Ila kuna jambo moja katika msamaha ambalo halitazamwi sana. Ukitolewa kimya kimya, au ukichelewa kutolewa, haumfikii aliyekusudiwa. Aliyehama anauza nyumba yake kwa bei ya chini, na sababu mojawapo ya bei hiyo ni deni, kwani mnunuzi mjanja hulitaja deni kila anapotaka kupunguziwa. Mauzo yakiisha, msamaha unatangazwa. Deni limefutika, lakini punguzo limebaki mfukoni mwa mnunuzi. Serikali imesamehe, na mkimbizi hakupata kitu. Kwa hiyo msamaha wowote hauna budi kutangazwa mapema, kwa Kiswahili, Kimwani na Kimakonde pamoja na Kireno, katika redio na katika kambi za waliohama, kabla nyumba hazijauzwa. Na uandikwe kwamba ni wa mtu aliyehama, si wa jengo; mnunuzi aliyenunua kwa bei ya msiba alipe kodi yake kuanzia siku aliyochukua ufunguo, tena alipe sisa yote.

Palma ina sura yake. Haikuwamo katika manispaa 65 zilizopiga kura Oktoba 2023, na kwa hiyo IPRA, ambayo ni kodi ya manispaa, haikuwa ikiwahusu wenye nyumba wake. Sisa ya dola ndiyo inayomngoja mnunuzi. Lakini huko gesi ya Afungi hupandisha na kushusha bei za nyumba kwa habari ya siku moja, na mwenye nyumba aliye mbali ndiye wa mwisho kuisikia. Ulanguzi hauhitaji kodi ili ustawi.

Kwa askari au polisi anayetaka kununua nyumba kwa haki, na wapo, mambo ya kufanya si mengi. Aende kwanza manispaa akaulize nyumba imeandikwa jina la nani na inadaiwa kiasi gani, na kiasi hicho kitajwe katika mkataba pamoja na jina la atakayekilipa. Aonane na muuzaji ana kwa ana, si na mjumbe mwenye barua. Amwone na mke au mume wa muuzaji, kwa kuwa nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja wao peke yake. Na kama mwenyewe amefariki, awaone warithi wote. Anunue akiwa amevaa nguo za kiraia na bila silaha, maana mtu aliyetoka kuikimbia bunduki hawezi kupatana bei mbele ya bunduki.

Na aliyekabidhiwa nyumba ya mwenzake kuilinda, akapenda kumlipia IPRA ili deni lisikue, anaweza kufanya hivyo. Amwambie karani aandike risiti kwa jina la mwenye nyumba lililomo daftarini, na chini yake jina la mlipaji. Fungu la kwanza ni Januari.